Zamu ya Maji, Zamu ya Mgeni

Kama uko Digodigo umetoka shamba, kama uko Malambo mifugo imeshaingia bomani, kama uko Karatu mjini unangoja gari la mwisho, sogea karibu na redio. Leo tuna maji moto, na si ya chai.

Wilaya ya Ngorongoro ina tarafa tatu. Mbili dunia inazijua: Ngorongoro yenyewe ina kreta, Loliondo haikosi kwenye habari. Ya tatu ni Sale, nayo ndiyo inayopitwa. Gari la watalii linatoka Mto wa Mbu, linapita Engaruka, linalala Engaresero chini ya Mlima Lengai. Asubuhi linapanda ukingo wa Bonde la Ufa, linakatiza Sale na Waso, linaingia Serengeti kwa geti la Kleins. Waliomo ndani wameimaliza tarafa iliyobaki vioo vikiwa juu kwa sababu ya vumbi. Siku hizi kipande cha Waso hadi Sale, kilomita 49, kina lami, kwa hiyo wanatupita haraka zaidi.

Lami naipenda, msinielewe vibaya. Mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Waso anaipenda kuliko mimi. Ila lami haimsimamishi mtu. Kinachomsimamisha mtu ni kitu cha kuona na mwenyeji wa kumwonyesha, na hapo ndipo nina neno. Sale tuna cha kuonyesha. Tuna pia utaratibu wa zamani wa kugawana kinachopatikana. Vitu hivyo viwili havijawahi kukalishwa baraza moja.

Nianzie mbali kidogo. Japani ni nchi ya milima na volkano, na huko ndani vijijini watu wameoga maji moto ya ardhini kwa karne nyingi. Wenyewe wanayaita onsen. Mwaka 1948 waliyatungia sheria kabisa: ili yastahili jina hilo, maji yatoke ardhini yakiwa na nyuzi joto 25 au zaidi, au yawe na kiwango cha madini fulani yaliyotajwa. Zamani mkulima akishamaliza kuvuna alibeba chakula chake na kwenda kukaa huko siku nyingi, akitibu mgongo na magoti. Anayeingia huvua nguo zote, hujisugua kwa sabuni pembeni mpaka atakate, ndipo anazama kwenye bwawa na watu asiowajua. Wanaume upande wao, wanawake upande wao. Najua kuna mzee wangu hapo Samunge anatikisa kichwa. Tikisa tu, mzee, mimi nasimulia. Huko Jigokudani, katika milima ya Nagano, hata tumbili wenye nyuso nyekundu hutoka kwenye theluji wakakaa majini hadi shingoni, na watu hukata tiketi za ndege kwenda kutazama tumbili akioga.

Lakini kijiji ninachokitaka leo ni Kurokawa, katika kisiwa cha Kyushu, mkoa wa Kumamoto. Ni kijito kati ya milima, na kando yake nyumba za wageni zipatazo thelathini. Mwaka 1964 ilifunguliwa barabara kubwa ya watalii jirani yao, wageni wakaja kwa wingi, kisha wakaadimika. Kila mwenye nyumba akawa anamtunishia misuli jirani yake kwa mabango. Mmoja wao, Goto Tetsuya, alichukua nyundo na patasi akachonga pango kwenye mwamba nyuma ya nyumba yake, akapitisha humo maji moto. Miaka wenzake walipokuwa wanapiga miayo, yeye alikuwa na wateja. Wengi wetu tungefunga geti na kuweka mbwa. Goto aliwafundisha majirani: chimbeni mabwawa ya nje, pandeni miti ya porini ya kwenu, ng'oeni hayo mabango.

Wakafanya. Ila nyumba mbili hazikuwa hata na nafasi ya kuchimba bwawa la nje. Ndipo mwaka 1986 chama chao kikabuni kibao cha mti. Mgeni akikinunua anaruhusiwa kuoga katika nyumba tatu anazozitaka, hata kama amelala kwenye nyumba ya nne isiyo na bwawa. Fedha nyingine inaingia chamani, inapanda miti. Mgeni akawa wa kijiji kizima.

Basi turudi kwetu, maana kuna watu wameshaanza kupiga hesabu za mabwawa. Maji moto ya kwetu, ya Ziwa Natron jirani na Engaresero, si ya kuogea.

Mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro sehemu yake inazama ardhini, inafuata nyufa za Bonde la Ufa, inapata joto huko chini, kisha inapanda tena ikiwa imejaa magadi. Inachomoza kandokando ya ziwa. Ziwa lenyewe liko chini sana, mita 600 hivi juu ya bahari, kina chake hakifiki mita tatu, na hakuna mto unaolitoa maji. Yanayoingia yanatoka kwa njia moja tu, mvuke. Kinachobaki ni magadi, na ukiwa na mchubuko mguuni utajua kabla hujaambiwa.

Ukisogea ukingoni ukoko unavunjika chini ya viatu, mweupe, mahali pengine una rangi ya waridi. Viatu vinaanza kubadilika rangi. Kisha unakuta kijito chembamba, maji meupe pe, unatia kidole na kukitoa haraka. Fuata kijito hicho hatua chache, pale maji yanapopungua makali, uiname. Wamo samaki. Ni jamii ya perege, wadogo, wa urefu wa kidole, wanazunguka kwenye maji ya nyuzi 36 na kupanda, yenye magadi ambayo sato wa Ziwa Victoria asingeyavumilia dakika nyingi. Kuna aina tatu za samaki hao Natron. Ndugu yao wa Ziwa Magadi, upande wa Kenya, wanasayansi wamemchunguza wakashangaa. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia matamvua, lakini kwenye maji ya magadi njia hiyo inaziba. Kwa hiyo yeye hutoa urea, kama wewe na mimi tunavyofanya tukienda nyuma ya nyumba.

Na juu yao wako heroe, wale tunaowaita flamingo. Heroe mdogo wa Afrika Mashariki huzaliana hapa, na mahali pengine pa kutegemea hana. Anajenga kichuguu cha tope la magadi katikati ya ziwa, anataga yai moja. Fisi hafiki, mbweha hafiki, maji yenyewe ndiyo askari. Ziwa liliingizwa mwaka 2001 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu duniani. Mwaka 2006 lilipozuka suala la kujenga kiwanda cha magadi, kampuni ya Tata Chemicals ya India ikiwa mshirika, ubishi ulikuwa mkubwa kwa ajili ya ndege hao hao, na mwaka 2008 Tata wakajiondoa. Kwa hiyo anayewaza kuzungushia saruji zile chemchemi apate bwawa la kuogelea, namwomba aache. Wenye ziwa wameshapatikana.

Mnisamehe, lakini nimeiona pia chemchemi ya Chemka, kule Hai. Maji yake hata si moto, ni vuguvugu, ila ni ya buluu, yanavutia, na kijiji kinapata ushuru. Mwisho wa wiki kuna spika, kuna chupa, kuna nyama choma hadi kwenye mizizi ya mikuyu. Kama ndiyo tunayoitaka Natron, tuseme mapema ili heroe wafungashe.

Kuna uongo mmoja unatutesa. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa kitabu chenye picha za ndege na popo waliokaushwa na magadi ya Natron, wamekaa kwenye matawi kama wako hai. Picha ni nzuri ajabu. Alichofanya ni kuokota mizoga ukingoni na kuipanga, na hakuficha. Lakini mitandao ikapokea, ikapika habari yake: ziwa la Tanzania linalogeuza wanyama kuwa jiwe papo hapo. Mpaka leo kuna mgeni anayefika Engaresero akiuliza kama akigusa maji atakufa. Mwongozaji wa kijiji anamjibu kwa upole, anampeleka kwa wale perege.

Aliyetaka kuoga, Mungu amemwekea pengine. Mto wa Engaresero unashuka kwenye korongo ukiwa na maji baridi ya kunywa, hauna magadi. Unavua viatu, unakunja suruali, mwongozaji wa Kimasai ametangulia shuka likiwa limefungwa kiunoni, anakanyaga jiwe kwa jiwe bila kutazama chini. Wewe unatazama chini muda wote. Mahali maji yanafika mapajani, mahali kuna kamba ya kushikia, mahali mnashikana mikono bila kuulizana majina. Mwishoni ukuta wa mwamba unafunga njia, na maji yanamwagika kutoka ubavuni mwake, katikati ya mitende mwitu, kana kwamba mlima umetobolewa. Unasimama chini yake na jua la Natron, ambalo limekukaanga tangu asubuhi, unalisahau. Pale watu wazima hupiga kelele za watoto. Nimemsikia baba mmoja mwenye kitambi akiita jina la mkewe kwa nguvu, naye mkewe alikuwa amesimama pembeni yake.

Kwa Mlima Lengai sikawii leo, una vipindi vyake. Mita 2,962, mlima wa Mungu kwa Wamasai, na volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi: joto lake nyuzi 500 hadi 600, nusu tu ya lava ya kawaida, inatoka nyeusi na ikipata unyevu inageuka nyeupe. Wanaoupanda huanza usiku wa manane ili wafike alfajiri. Mwaka 2007 uliamka kwa kishindo, matetemeko kwanza, kisha majivu hadi mwaka 2008. Anayesema ni salama tu, amuulize aliyehama na ng'ombe wake.

Majivu ya mlima huo huo, ya milipuko ya kale sana, ndiyo yaliyotuhifadhia nyayo. Karibu na kijiji cha Engaresero, kwenye tope la volkano lililoganda, kuna alama za miguu ya binadamu zaidi ya 400. Watafiti walizitangaza mwaka 2016, wakakadiria umri kati ya miaka 5,000 na 19,000. Mwaka 2020 wakaongeza jambo lililonigusa zaidi: kundi moja la watu 17 lilikuwa likitembea pamoja kuelekea kusini magharibi, na kwa vipimo vya miguu, 14 kati yao huenda walikuwa wanawake. Wanadhani walikuwa wametoka kutafuta chakula. Simama pale, halafu geuka uwatazame akina yeyo, akina mama wa Engaresero, wanaokuja na shanga mikononi, wanatembea kwa kundi.

Mwaka 2018 UNESCO iliiandika Ngorongoro Lengai kuwa jiopaki, ya kwanza kusini mwa Sahara na ya pili Afrika baada ya M'Goun ya Morocco. Maana yake miamba yetu imetambuliwa. Matumbo bado.

Nimesema Sale inapitwa. Kuna mwaka mmoja haikupitwa, na lazima niutaje. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, dawa ya mizizi ya mugariga, shilingi 500 kikombe. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita. Walikuja mawaziri na wafanyabiashara, wagonjwa walishushwa kwa helikopta, wengine walikufa njiani wakisubiri. Haikuthibitishwa kuwa dawa ile iliponya ukimwi wala kisukari, na walioacha dawa za hospitali kwa ajili yake walijiumiza. Hilo liko wazi kwangu. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

Ila litazameni kwa jicho la mwenyeji. Dunia nzima ilikuja mlangoni. Maji ya kunywa yaliuzwa kwa bei ya kutisha, kipande cha kivuli kiliuzwa, na wauzaji wengi walitoka mijini na magari yao. Wageni walipokatika, na wafanyabiashara walikatika. Samunge ilibaki na nini cha kumfanya mtu arudi? Hakukuwa na aliyepanga nani ampokee nani. Kila mmoja alikinga ndoo yake kwa jinsi alivyoweza, na mwenye ndoo kubwa akaondoka nayo.

Na hiki ndicho kinachonishangaza, kwa sababu kama kuna watu Tanzania hii wanaojua kwamba kinachotiririka kinagawanywa kwa zamu, ni Wabatemi, wakulima wa tarafa hii hii. Mwanaanthropolojia Robert Gray aliandika kitabu juu yao mwaka 1963, na sehemu kubwa ya kitabu ni mifereji. Chemchemi za mlimani zinaongozwa kwa mifereji hadi mashamba ya mtama na viazi vitamu, na juu ya maji hayo linakaa baraza la wazee, wenamiji. Wao ndio wanaojua leo maji yanaingia kwa nani na saa ngapi yanahamia kwa mwingine. Kuna wenye haki ya zamu kwa ukoo, kuna wanaoomba na kutoa mbuzi ili wapate. Anayefungulia maji nje ya zamu yake anaitwa, anatozwa. Mfereji ukiziba, wanatoka wote. Chama cha Kurokawa na kibao chao hawajatuzidi ujuzi. Wametuzidi kuutumia kwa wageni.

Sasa nasema hivi. Chukua kibao cha namna ile. Mgeni analipa mara moja, anachagua vitu vitatu ndani ya tarafa: korongo la Engaresero, au nyayo, au matembezi ya asubuhi kwenye mifereji ya Digodigo na mtu anayefungulia maji kweli, au mizinga na asali ya Wabatemi, au usiku katika boma la Malambo. Kijiji kisicho na maporomoko hakiachwi, kama zile nyumba mbili hazikuachwa. Anayechagua vitatu hawezi kuvimaliza siku moja, kwa hiyo atalala usiku wa pili. Usiku wa pili ndio wenye fedha, maana wa kwanza umeshaliwa na kampuni iliyomleta.

Tena risiti iwe moja. Kutoka Mto wa Mbu hadi Natron mgeni anasimamishwa kwenye mageti ya halmashauri zaidi ya moja, kila geti na ushuru wake, na kila anayesafirisha watalii njia ile ana malalamiko. Sisemi ushuru usilipwe. Nasema mtu aliyefungua pochi mara nyingi barabarani akifika kwa yule mama wa shanga ameshaikunja mikono.

Pingamizi nazijua. Ya kwanza: mgeni si maji, mgeni ana hiari yake. Kweli, na ndiyo maana kibao kinamwachia achague. Zamu ni ya wenyeji, nani anaongoza leo na nani kesho, isiwe kijana mmoja mwenye simu nzuri anabeba wote. Ya pili: Wamasai na Wabatemi wamewahi kugombana, tena kwa damu, juu ya ardhi. Sina dawa ya hilo. Najua tu kwamba maji moto yako kwa Wamasai, mifereji iko kwa Wabatemi, na mgeni wa siku mbili anahitaji vyote. Ya tatu ndiyo inayonikera mwenyewe. Wenamiji ni wanaume, wengi kwa kurithi. Kama tunaazima utaratibu wao bila kuongeza viti, akina mama ambao ndio wenye shanga, ndio wapishi wa huyo mgeni na ndio wanaotandika kitanda chake, watasikia maamuzi kwa waume zao. Hapo bora tusianze.

Ikianza, waalikwa wa kwanza wasiwe wakubwa. Waalikwe madereva. Mgeni wa Ujerumani hajui kama Digodigo ipo. Dereva wa Arusha anajua, na ndiye anayeamua gari lisimame wapi na liondoke saa ngapi. Leo akilala huku mara nyingi analala kwenye kiti cha gari lake, au kwenye chumba ambacho asingemlaza shemeji yake. Mpeni ugali wa moto na nyama, chandarua kisichotoboka, maji ya kuoshea gari, na mtu wa kumtembeza mferejini asubuhi moja bila kumdai kitu. Akirudi na wageni mwezi unaofuata, muulizeni mwenyewe ataomba usiku wangapi.